Namna ya Kuchunguza Baa ya Kale ya Kijijini Iliyoezekwa kwa Mabua huko Devon

Anayetaka kujua ujenzi wa baa ya kale katika vijiji vya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, asianze na kibao cha mlangoni, kwa kuwa mwaka ulioandikwa hapo mara nyingi una majivuno kuliko ushahidi. Aanze chini ya ukuta. Kuta nyingi za huko ni za udongo uliokandwa pamoja na mabua na kupandishwa tabaka kwa tabaka, bila fito wala nguzo za ndani kama zilivyo katika kiambaza cha pwani yetu, na unene wake hufika sentimita 60 au zaidi. Wenyeji husema kuwa nyumba ya udongo huhitaji viatu vizuri na kofia nzuri, yaani msingi wa mawe na paa lenye ukingo uliojitokeza mbele, maana kwa kawaida paa hilo halina mifereji ya maji. Kagua pia lipu: ya chokaa huruhusu unyevu kutoka, lakini ya saruji huufungia ndani hadi ukuta ulainike.

Paa linataka muda zaidi. Mteremko wake ni mkali, takriban digrii 50, ili mvua isituame. Katika Devon huezekwa zaidi kwa mabua ya ngano yaliyochanwa, yakashikizwa kwa vijiti vya mti wa hazel vilivyokunjwa. Fundi anapoezeka upya, aghalabu huondoa tabaka la juu lililooza tu, na yale ya chini huyaacha.

Kwa hiyo omba ruhusa, chukua tochi, panda darini. Kabla ya dohani kuenea, moto uliwashwa katikati ya sakafu ya ukumbi usio na dari, na moshi ukajipenyeza kupitia paa. Ukikuta makombamoyo na upande wa chini wa mabua vimejaa masizi meusi, umefika kwenye nyumba ya zama za kati, na dari unayoikanyaga ni changa kuliko paa lililo juu yako. Usifagie wala kukwangua chochote, kwani mabua hayo yamehifadhi ngano, shayiri nyeusi (rai) na magugu ya mashamba ya karne hizo.

Ukishuka, kaunta isikupotoshe, kwa kuwa si lazima iwe ya kale kama nyumba yenyewe. Katika baa ya Drewe Arms, kijijini Drewsteignton, bia iliendelea kutolewa mapipani katika chumba cha nyuma na kupitishwa kwenye kidirisha hadi mwishoni mwa karne ya 20. Mpango wa kale utauona vizuri zaidi kwenye meko na kuta nene zinazokatiza nyumba.

Kabla ya ukarabati wowote, tafuta jengo katika orodha rasmi ya urithi wa taifa ya Uingereza. Likiwamo, kulibadilisha bila kibali kwa namna inayoathiri sura yake ya kihistoria ni kosa la jinai, hata kama badiliko ni la ndani.