Huna bima na mtoto anahitaji kipimo cha sikoseli: fanya hivi

Wenzangu wa Busia ya Kenya huniuliza kadi yangu ya bima iko wapi. Upande huu wa Uganda hatuna. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, Rais hakuutia saini. Tunategemea hospitali za serikali, ambako ada zilifutwa mwaka 2001 isipokuwa wodi za kulipia. Basi mama, anzia huko.

Sikoseli, au selimundu, ni ugonjwa wa kurithi unaokunja chembe nyekundu za damu. Mtoto akivimba vidole vya mikono na miguu, macho yakawa manjano, au akiishiwa damu mara kwa mara, usiridhike kuambiwa ni malaria tu. Beba kadi ya chanjo na daftari la matibabu, nenda kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali, useme wazi: "Musawo (daktari), naomba apimwe sikoseli."

Na damu ya kipimo itolewe kabla hajaongezewa damu. Hapa ndipo mimi niliumia. Mwanangu alitundikiwa chupa mbili kwanza, akapimwa wiki iliyofuata. Jibu likaja AS, yaani amebeba chembe ya urithi moja tu bila kuugua, tukamshukuru Mungu, tukarudi nyumbani. Kumbe ilisomwa na damu ya mtu aliyemchangia. Alipopimwa upya baada ya miezi sita, miezi ya homa na kulia usiku, ilikuwa SS, yaani ugonjwa wenyewe. Kama wako ameshaongezewa, ngoja miezi mitatu, na wakati huo mpimwe wewe na baba yake.

Uliza pia ni kipimo gani. Kile cha kuangalia chembe zikijikunja husema "ipo" kwa AS na SS sawasawa, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema "haipo" wakati ugonjwa upo. Wewe dai jibu la herufi mbili: AA (hana kabisa), AS au SS. Kama hapo hawana, matone machache hukaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kuu ya serikali, Butabika, Kampala. Nakili namba ya sampuli kwenye daftari lako kabla ya kuondoka. Mimi nilirudi mara tatu, na namba ile ndiyo iliyolitoa jibu.

Likiwa SS, aandikishwe kliniki ya sikoseli siku hiyo, na uulizie penisilini ya kuzuia maambukizi na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu.

Wadogo zake pia wapimwe: wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Binti yangu tulimpima akiwa na wiki sita, siku ya chanjo. Kadi yake imeandikwa AA kwa kalamu nyekundu.