Pima kitabu cha Kiingereza kwa maneno 100

Kabla ya kumkabidhi mwanafunzi kitabu cha Kiingereza, fungua ukurasa wa katikati (wa kwanza mara nyingi huwa mwepesi, unadanganya), mhesabie maneno 100, kisha asome kimya akipiga mstari kwa penseli chini ya kila neno asilolijua. Majina ya watu na mahali hayahesabiwi. Mistari 2 au pungufu, asome peke yake. Ikiwa 3 hadi 5, awe na kamusi au mtu wa kumuuliza. Ikizidi 5, tafuta chepesi zaidi, hata kama ni cha darasa la chini. Maana ya neno geni hukisiwa kutokana na maneno yanayolizunguka; nayo yakiwa mageni, hana pa kushika, na akifungua kamusi kila mara anasahau sentensi ilikoanzia. Kipimo hiki hupotosha kwenye misemo kama “put up with” (kuvumilia): kila neno analijua, maana inampita. Kwa hiyo akimaliza, akusimulie aya hiyo kwa lugha yake. Kwa mtoto ambaye bado anaunganisha silabi kipimo hiki hakifai kabisa; huyo aanze kusoma kwa lugha anayoizungumza.