Jinsi ya Kupata Kikao cha Watu Wanaoacha Pombe Ukiwa Tabora

Namwandikia yule anayeamka alfajiri mikono ikitetemeka, akaona dawa pekee ni kwenda kuzimua. Nilikuwa yeye. Huu ni mwaka wangu wa 9 sijaonja kitu, si wanzuki, si gongo, si bia, na kila Jumamosi nasimama mlangoni kupokea wageni wa kikao chetu.

Hatua ya 1: Pitia hospitali kwanza

Kama unakunywa kila siku, usiache ghafla ukiwa umejifungia peke yako. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa, ndani ya saa 6 hadi 24 unaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku 2 za mwanzo mtu anaweza kuanguka degedege. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 wengine huona na kusikia vitu visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Nyumbani watasema karogwa, wamzungushe kwa waganga, huku saa zinapotea.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, uulizie huduma ya afya ya akili. Taja kiasi chako halisi, hata kama kinakutia aibu, maana matibabu yanapangwa kwa hicho. Zipo dawa za kuutuliza mwili, na utapewa pia vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa imemwishia.

Kwenu ndugu mnaotafuta dawa ya kumtilia mtu kwenye mboga bila yeye kujua: nawasihi, msifanye hivyo. Disulfiramu, inayomfanya mtu augue akinywa pombe, ni dawa ya kweli, lakini hutolewa na daktari kwa mgonjwa aliyeelezwa akakubali. Akiwa nayo mwilini hajui, kisha akanywa pombe, mnaweza kumzika.

Hatua ya 2: Ulizia kikao

Anza na huyo huyo mhudumu wa afya ya akili. Kisha muulize padri, mchungaji au imamu unayemwamini. Vikao vingi hufanyika kwenye vyumba vya kuazima, na wao ndio wenye funguo. Uliza hivi: "Kuna kikao cha watu wanaoacha pombe?" Ukitaja Alcoholics Anonymous, au AA, jina la Kiingereza la umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, wengine hawatakuelewa.

Uliza pia kama kikao ni cha wazi au cha ndani. Cha wazi hata mkeo au kaka yako anaweza kukusindikiza. Cha ndani ni cha wenye tatizo peke yao.

Ukikosa, kuna vikao vya simu. Vikundi vya AA vya Nairobi vipo, na saa zao ni saa zetu. Angalia tu usije ukasoma 7:30 PM ukadhani ni saa saba na nusu, ni saa moja na nusu usiku. Kwenye Zoom badilisha jina kabla hujaingia, zima kamera ukipenda. Kundi la WhatsApp ni jambo jingine: namba yako inaonekana na wote, kwa hiyo jiunge ukishawaamini.

Hatua ya 3: Siku yenyewe

Hapa ndipo wengi hurudia njiani. Nimewaona: anafika getini, anatoa simu, anajifanya anaongea nayo, anapita. Baada ya dakika 10 anapita tena. Simfuati. Namsalimia tu, "Karibu, chai ipo," narudi ndani. Akiingia namjazia kikombe nusu, kwa sababu nakumbuka aibu ya kumwagia suruali chai mbele za watu.

Unataja jina moja, hata la utani. Hakuna kiingilio wala fomu. Kapu likipita, mwenye mia tano anaweka, asiye nayo anampasia jirani. Sharti la uanachama ni moja: uwe unataka kuacha. Huna lazima ya kuongea. Sema "leo nasikiliza", inatosha. Mwenzako akisimulia, usimkate wala usimshauri. Ya mle ndani yanabaki mle ndani.

Usiondoke bila namba ya mtu mmoja. Itakufaa malipo ya tumbaku yakiingia na rafiki zako wote wako kilabuni.

Hatua ya 4: Kama hakuna kikao, anzeni

Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa New York aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alikwama hotelini Akron, Marekani, kiu ikamshika. Akachukua orodha ya makanisa, akapiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Siku Bob alipokunywa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo AA inahesabu kuwa imezaliwa. Mpaka leo kwa utaratibu wao watu 2 ni kikundi.

Msikutane chini ya mwembe. Miembe tunayo tele Tabora, lakini kila apitaye atasimama kuwasalimia, na kwetu salamu ni ndefu. Tafuteni chumba chenye mlango. Siku ile ile, saa ile ile, bila kubadilisha, hata akija mmoja tu.

Na ukianguka, njoo wiki hiyo hiyo, usisubiri aibu iishe. Hata ukifika umekunywa, kaa nyuma, sikiliza. Kuongea utaongea wiki ijayo. Chai yako tutakuwekea.