Mazoezi ya spidi ya mashindano bila bwawa: njia ya kufanya hapa Shela, Lamu

Vijana wengi Lamu wanajua kuogelea toka utotoni, nguvu wanazo, ila mazoezi yao ni kwenda mbali mpaka wachoke, wapumzike, warudi. Mwili unazoea ile spidi ya kuchoka, halafu siku ya mashindano unaudai spidi ambayo haujapata kuizoea.

Kuna njia inaitwa USRPT (Ultra-Short Race-Pace Training, yaani vipande vifupi sana kwa spidi ya mashindano), ilienezwa na Brent Rushall, profesa wa San Diego kule Marekani, na muogeleaji wa Marekani Michael Andrew alilelewa nayo na babake mpaka akafika Olimpiki. Wazo lake ni kwamba mbio unazikata vipande vifupi, kila kipande unakiogelea kwa spidi ileile ya mashindano, unapumzika kidogo tu, unarudia mara nyingi.

Kwanza leni, yaani njia yako ya kuogelea. Tafuta maji ya kifuani, mbali na njia ya boti za abiria, pima mita 25 kwa kamba sambamba na ufuo, kila mwisho funga jerikeni tupu na jiwe zito la kuishikilia. Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, hasa msimu wa kusi, na chagua siku za maji mafu, yaani maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, manake bamvua, maji makubwa, inavuta sana. Hapa ndo watu wanajidanganya: ukiogelea na mkondo unajiona bingwa. Basi kabla ya kuanza ogelea taratibu kwenda na kurudi, taimu zikipishana zaidi ya sekunde moja ngoja maji yasimame.

Sasa taimu. Ogelea mita 100 kwa nguvu zako zote kwenye leni hiyohiyo, tuseme umepata 1:06 na unataka 1:04. 64 gawa kwa 4 ni sekunde 16, hiyo ndo spidi yako. Usichukue taimu ya bwawani, kule unasukuma ukuta, huku ni mchanga.

Ogelea 25 kwa 16, pumzika sekunde 15 hadi 20, rudi, endelea hivyo mpaka zifike 20 au hata 30. Mtu akae ufukweni na saa akupigie kelele taimu, na pia awe macho kwa usalama wako, usiende peke yako.

Ukipitisha 16 hiyo umefeli: ruka zamu moja, vuta pumzi, endelea. Ukifeli mbili mfululizo, au tatu kwa jumla, toka. Toka kweli, usiseme namalizia tu, kwa sababu kila mzunguko wa pole unaufundisha mwili mkono wa pole, na hili ndo naliona gumu zaidi kwa vijana wetu, wanaona aibu kuacha wakati wenzao bado wako majini. Hakuna aibu hapo, kufika kwenye kufeli ndo zoezi lenyewe.

Ukitoka ogelea polepole dakika kadhaa, na zoezi hilohilo usilirudie kesho yake, lipe kama siku mbili. Anayeshindana mita 200 atumie vipande vya 50, mapumziko sekunde 20.

Ukimaliza zote 20 bila kufeli, toa nusu sekunde, anza upya na 15.5.