Namna ya kuendesha warsha ya siku moja ya walimu wa fizikia kwa betri, globu na waya

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyeombwa kuwawezesha wenzake wa fizikia, iwe kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, Tanzania), iwe kwenye kituo cha walimu. Msimamo wangu baada ya kuendesha warsha za aina hii kwa muda mrefu ni huu: mwalimu hubadili ufundishaji wake pale anaposhika kifaa mwenyewe, akatabiri kitakachotokea, kisha kifaa kikamkatalia.

Hatua ya 1: Chagua mada moja tu

Barua ya mwaliko ikisema "mbinu shirikishi za kufundisha sayansi", siku itaisha kwa maneno matupu. Mimi huchagua saketi za umeme, maana hapo kuna wazo potofu lililoota mizizi: kwamba globu "inakula" mkondo wa umeme, hivyo unaorudi kwenye betri ni pungufu. Mwanafunzi anaweza kukokotoa V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) bila kukosea na bado akaamini hivyo. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliliona jambo la namna hii miaka ya 1990: wanafunzi wake walipata hesabu ngumu za saketi, wakakwama kwenye maswali mepesi ya dhana.

Katika barua hiyohiyo taja nauli na chakula vinalipwa na nani. Likiachwa wazi, litajadiliwa asubuhi nzima.

Hatua ya 2: Kagua vifaa siku moja kabla

Kwa kila watu watatu andaa betri mbili mpya za tochi za volti 1.5, globu mbili za tochi za volti 2.5, vipande vya waya na vibanio vya nguo vya kushikilia waya. Ammita (kipima mkondo) moja inatosha meza kadhaa.

Hapa usiharakishe. Globu za pakiti moja hazifanani. Ziunganishe mbilimbili kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Zinazowaka sawa zifunge pamoja kwa utepe. Jozi moja isiyolingana iweke kando, utaihitaji. Usipime mkondo kwa ammita mbili tofauti, kwa sababu zinaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo itageuzwa ushahidi kwamba globu imekula mkondo. Tumia ileile, uihamishe.

Betri chakavu pia zinapotosha. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, kwa hiyo ukiongeza globu ya pili kwa sambamba, yaani kwenye njia yake yenyewe, zote mbili hufifia, na washiriki huhitimisha kwamba betri hutoa mkondo uleule siku zote.

Hatua ya 3: Fungua kwa kazi

Utambulisho uwe mfupi. Kwa zamu, mpe kila mmoja betri moja, globu moja na kipande kimoja cha waya, umwambie awashe globu. Wapo watakaogusisha kitako cha globu tu, wakisahau kwamba ubavu wake wa chuma nao ni ncha. Usiwakimbilie kuwasaidia. Atakayefaulu mwombe atafute njia nyingine, zipo nne.

Hatua ya 4: Tabiri, tazama, eleza

Huu ndio moyo wa siku, upe saa mbili. Chora ubaoni globu mbili kwa mfuatano. Kila mtu aandike utabiri wake peke yake, bila jina, kabla ya kuzungumza na jirani: ipi itawaka zaidi, na kwa nini? Kisha wajadiliane, ndipo waunganishe.

Meza moja ipe ile jozi isiyolingana. Lazima utaitwa: "Mwalimu, njoo uone, ya kwanza inawaka zaidi!" Usitoe jibu. Sema, "Hebu zibadilisheni nafasi." Globu hafifu itabaki hafifu hata ikitangulia, na meza nzima itaona kwamba nafasi haina kosa. Sasa leta ammita: kabla ya globu ya kwanza, katikati, baada ya pili. Wasome wenyewe kwa sauti.

Hatua ya 5: Mpe mtafiti kazi yake

Ukimwalika mhadhiri wa chuo kikuu, usimpe hotuba. Azunguke mezani akisikiliza, na akusanye karatasi za utabiri ikiwa washiriki wameridhia. Yeye anapata data halisi, na walimu wanapata mtu wa kumuuliza maswali mazito, kwa mfano kwa nini globu huwaka papo hapo ilhali elektroni husafiri polepole mno ndani ya waya.

Hatua ya 6: Andaeni kipindi, kisha kifundisheni

Mchana, kila kundi liandae kipindi cha dakika 40 na kufundisha dakika kumi mbele ya wenzao. Walimu wa Kenya waliopitia SMASSE, programu ya kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari iliyoanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, wanaufahamu mzunguko huu wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Bila kutazama darasani, warsha imeishia kwenye cheti.

Kwa hiyo kabla ya kuagana, kila mwalimu ataje kidato, siku, na mwenzake atakayekuja kukaa nyuma ya darasa. Mkutane tena baada ya wiki tatu, kila mmoja akiwa na karatasi za utabiri za wanafunzi wake, zikiwemo za waliokosea.