Mkupuo au malipo ya kila mwaka: namna ya kugawa fidia ya majeraha makubwa Uingereza

Familia nyingi huuliza "tuchukue kipi, mkupuo (fedha zote kwa pamoja) au malipo ya kila mwaka?" kana kwamba lazima kiwe kimoja. Katika mahakama za England na Wales, fidia ya aliyeumia ubongo au uti wa mgongo huweza kugawanywa fungu kwa fungu, na mara nyingi ndivyo inavyofaa.

Chukua hesabu ya madai uipange safu mbili. Ya kwanza ni ya vitu vya kununua mara moja au mara chache: nyumba isiyo na ngazi, gari la kupakia kiti cha magurudumu, gharama zilizokwisha kulipwa tangu ajali, pamoja na fidia ya maumivu yenyewe. Hivyo vinataka mkupuo. Safu ya pili ni ya gharama zinazorudi kila mwaka hadi kifo, kubwa kuliko zote ikiwa mishahara ya walezi. Hizo ndizo za malipo ya kila mwaka. Tangu 1 Aprili 2005 jaji anaweza kuyaamuru kwa hasara ya kifedha ya baadaye hata upande mmoja ukikataa. Kwa maumivu na hasara iliyopita, lazima pande zikubaliane.

Sasa pima ingekuwaje safu ya pili nayo ikilipwa kwa mkupuo. Tuseme matunzo ni pauni 60,000 kwa mwaka, kwa miaka 40. Hesabu haizidishwi kwa 40, maana anayepokea fedha leo hudhaniwa ataziwekeza. Gharama ya mwaka huzidishwa kwa namba iitwayo kizidisho, inayotokana na kiwango cha punguzo kinachowekwa na serikali, yaani faida ya mwaka inayodhaniwa fedha hizo zitazaa baada ya kuondoa kupanda kwa bei. Kwa 2.5%, kilichodumu tangu 2001 hadi 2017, kizidisho ni kama 25.4 na mkupuo ni karibu pauni 1,525,000. Kwa -0.25% ya mwaka 2019, ni kama 42.1, yaani karibu pauni 2,525,000. Kwa 0.5% inayotumika tangu 11 Januari 2025, ni kama 36.3, karibu pauni 2,175,000. Jeraha lilelile, mlezi yuleyule. Kilichobadilika ni tarehe.

Na hiyo miaka 40 ni makisio ya madaktari tu. Mgonjwa akiishi 50, fedha zitamwishia akiwa mzee na bado hawezi kujigeuza kitandani. Malipo ya kila mwaka huihamishia hatari hiyo kwa mlipaji, anayeendelea kulipa hadi siku ya kifo. Tena hayatozwi kodi ya mapato, ilhali faida ya mkupuo uliowekezwa hutozwa. Ubaya wake ni kwamba akifa mapema, kwa kawaida malipo hukoma na warithi hawapati salio.

Kipengele cha kusoma mara tatu ni cha nyongeza ya kila mwaka. Kisheria, amri ya jaji isiposema vingine, malipo hufuata faharisi ya bei za rejareja, yaani kipimo cha kupanda kwa bei za madukani. Lakini mlezi halipwi kwa bei ya mkate. Bei zikipanda 2% kwa mwaka na mishahara 4%, baada ya miaka 20 malipo yatakuwa pauni 89,000 hivi, na matunzo yatagharimu kama 131,000. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Thompstone, 2008, njia iko wazi: omba gharama za walezi zifuate takwimu za mishahara ya walezi.

Kisha chunguza mlipaji. Jaji hawezi kutoa amri bila kuridhika kwamba malipo yana usalama wa kutosha wa kuendelea. Hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma, hupita kwa urahisi, na kampuni ya bima pia ikiwa malipo yako chini ya mfuko wa kulinda wateja wa huduma za fedha. Penye ugumu ni kwa daktari binafsi ambaye nyuma yake kuna chama cha utetezi tu, yaani chama cha madaktari kinachowasaidia wanachama wanaposhtakiwa.

Kama mdai naye alichangia ajali, piga hesabu upya. Makosa yake yakiwa 25%, pauni 60,000 huwa 45,000, na kila mwaka kuna pengo la 15,000. Hapo baadhi ya mawakili hupendelea mkupuo ili familia ijipangie yenyewe, na si ushauri mbaya.

Kabla ya kukubali, hakikisha amri inataja kiasi cha mwaka, tarehe za kulipa, muda, faharisi, na kila hatua ya kupanda: kwa mfano, mtoto atakapotimiza miaka 18 na kuhitaji mlezi wa usiku. Mabadiliko ya hatua ambayo hayakuandikwa ni vigumu kuyapata baadaye. Hali ikizorota vibaya, mahakama huweza kurekebisha malipo pale tu amri ya awali ilipoacha mlango huo wazi kwa ugonjwa uliotajwa, kama vile kifafa. Na asije mtu akakushawishi umuuzie haki ya malipo hayo: bila kibali cha mahakama, mauzo ni batili.