Kutafuta Chanzo cha FreeCAD Kuzimika Ghafla Kwenye Linux

Programu ya usanifu inapozimika katikati ya kazi, wengi hukimbilia kuiondoa na kuisakinisha upya. Hatua hiyo mara nyingi haisaidii, kwa kuwa kwenye Linux mipangilio ya mtumiaji hukaa katika folda yake ya nyumbani na haiguswi programu inapoondolewa, na draiva ya kadi ya grafiki nayo hubaki ilivyokuwa. La muhimu ni kujua kwanza kasoro iko wapi: katika kumbukumbu ya kompyuta, grafiki, mipangilio na viongezo, au katika jometri ya faili lenyewe. Hapa natumia FreeCAD, programu huria ya kusanifu maumbo ya 3D, lakini njia hii ya kutenganisha vyanzo inafaa hata kwa programu nyingine za aina hiyo.

Kabla ya lolote, nakili faili lako mahali pengine na ufanye majaribio yote kwa nakala hiyo. Angalia pia kama kando ya faili la awali kuna lenye kiambishi .FCBak au .FCStd1, kwani hayo ni matoleo ya nyuma ambayo programu huyahifadhi yenyewe, na huenda kazi yako ya jana iko humo salama.

Kisha fungua terminali na uanzishe programu kwa kuandika `freecad`, badala ya kubofya alama yake, ili ujumbe wa mwisho kabla ya kuzimika usipotee. Ukikuta neno "Killed" peke yake, tuhumu kumbukumbu: kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huiua programu inayomaliza RAM, na amri `journalctl -k | grep -i "out of memory"` itathibitisha. Katika hali hiyo hakuna cha kurekebisha ndani ya programu; punguza ukubwa wa modeli, hasa zile zilizoletwa kama wavu wa pembetatu (mesh), au ongeza nafasi ya swap, yaani sehemu ya diski inayoisaidia RAM. Ukikuta maneno "SIGSEGV, Segmentation fault", programu imegusa eneo la kumbukumbu isiloruhusiwa kuligusa, na hapo uchunguzi unaendelea.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni kufungua faili bila dirisha lolote la picha. Anzisha `freecadcmd` (katika baadhi ya vifurushi huitwa `FreeCADCmd`), kisha andika `App.openDocument("/njia/kamili/nakala.FCStd")`. Faili likifunguka humo bila shida ilhali huizima programu yenye madirisha, jometri haina hatia kubwa, na tatizo liko upande wa onyesho. Likianguka hata humo, usipoteze muda na draiva.

Upande wa onyesho una mitego mingi. Anza na `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 freecad`, inayoilazimisha Mesa, maktaba huria ya grafiki kwenye Linux, kuchora kwa kutumia prosesa badala ya kadi ya grafiki; mwenye draiva ya NVIDIA isiyo huria aongeze `__GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=mesa` mbele yake, la sivyo amri ya kwanza haitakuwa na athari. Kazi itakwenda polepole, lakini programu isipozimika tena umepata ushahidi dhidi ya draiva. Amri `glxinfo -B` itakuonyesha ni draiva ipi inayotumika kweli, na ukiona jina llvmpipe (uchoraji wa Mesa kwa prosesa) bila wewe kuliomba, maana yake draiva ya kadi haikupakiwa kabisa. Wenye NVIDIA wakumbuke kwamba baada ya kusasisha draiva, moduli iliyo ndani ya kerneli na maktaba mpya huwa za matoleo tofauti hadi kompyuta iwashwe upya. Amri `nvidia-smi` hulalamika waziwazi kuhusu jambo hilo. Kama unatumia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, jaribu pia `QT_QPA_PLATFORM=xcb freecad`, ili programu ipitie XWayland, daraja la programu za mfumo wa zamani wa X11.

Kuhusu mipangilio, ipe jina jingine folda ya `~/.config/FreeCAD` na ile ya `~/.local/share/FreeCAD`, ambamo viongezo huwekwa, kisha uanze upya. Usizifute. Aliyesakinisha programu kwa mfumo wa vifurushi wa Flatpak atazikuta ndani ya `~/.var/app`. Tatizo likiisha, rudisha viongezo kimoja kimoja hadi mkosaji ajulikane. Iwapo uliwahi kusakinisha vifurushi vya Python kwa pip (kisakinishi chake) katika folda yako ya nyumbani, jaribu `PYTHONNOUSERSITE=1 freecad`, kwa sababu toleo la ziada la maktaba kama numpy au PySide laweza kugongana na lile ambalo programu ilijengwa nalo.

Ikiwa ni faili moja tu linaloanguka, lichunguze lenyewe. Faili la FCStd ni faili lililobanwa kwa zip, kwa hiyo `unzip -t nakala.FCStd` itakuambia kama limeharibika. Unaweza pia kuondoa sehemu ya muonekano kwa `zip -d nakala.FCStd GuiDocument.xml`; rangi na mpangilio wa vipande vinavyoonekana vitapotea, ila jometri itabaki. Kama programu huzimika unapofanya tendo fulani, mara nyingi chanzo ni Open CASCADE, maktaba inayokokotoa maumbo. Maktaba hiyo hupata taabu pale unapoviringisha ukingo (fillet) kwa nusukipenyo kinacholingana kabisa na upana wa uso unaopakana nao, au unapounganisha maumbo ambayo nyuso zake zinakaribia kulingana bila kulingana. Badilisha milimita 5 ziwe 4.99, sogeza uviringishaji uwe hatua ya mwisho ya modeli, au fanya maumbo yaingiliane kidogo badala ya kugusana tu.

Yote yakishindikana, andaa ripoti kwa wasanidi. Anzisha `gdb freecad` (gdb ni zana ya kuchunguza kasoro za programu), andika `run`, rudia tendo linaloleta anguko, kisha andika `bt` na unakili mistari yote itakayotokea. Ambatanisha maelezo ya toleo yanayopatikana katika dirisha la "About FreeCAD", ambalo lina kitufe cha kuyanakili, pamoja na faili dogo kadiri iwezekanavyo ambalo bado huzima programu. Nakuomba usiruke hilo la mwisho: faili lenye vipande viwili humwezesha msanidi kuliona tatizo kwenye kompyuta yake mwenyewe.